Fungu ya Kabange

Kama hautaki kuamini, acha kusoma hapa hapa, hatutagombana. Ile nitasema haikutoka ku mulomo ya muntu mwingine. Haikuwa ndoto, sikukuwa na homa, na pombe sijawahi kuipenda, hata ile ya mahindi banapika wakati ya ndoa. Nilikuwa nasimama na miguu yangu mbili mu mayi ya Kamwesha, na benye tulikuwa nabo pale bangali bazima, unaweza kubauliza.

Masista balinifundisha kusoma kidogo, kisha nikaacha masomo mapema. Lakini jina ya muntu, nikiisha kuisikia, haitoke tena mu kichwa. Bantu ya hapa Kamina banajua. Bakisahau jina ya nkambo yao, babu ya babu, banakuya kuniuliza minyi. Ile kichwa njo iliniamusha siku ile, na ile ile njo ilitaka kunidanganya. Utaona.

Kamwesha iko muto mudogo. Ukiuona pale unakata njia ya kwenda Kabondo-Dianda, utasema huu ni mufereji. Lakini fwata mayi, tembea nayo chini: udongo unapasuka mbele yako sawa mukate, na muto unaanguka mu shimo refu. Ukuta ya majiwe huku, ukuta ya majiwe kule. Ukisimama yulu unaona vichwa ya miti kule chini sana, sawa vile mboga ya lengalenga mu shamba.

Yulu, bantu ya makala balimaliza kila kitu. Mutondo, musamba, miti yote ya wazee ilipanda ku kinga, baisikeli yao, ikaenda ku soko. Unatembea paka mu jua tu, hakuna kivuli. Kisha unaanza kushuka, na kila pahali unaweka muguu, dunia inageuka. Mbele ni majani makavu na pimbi, ile nyama ndogo sawa sungura, haina mukia, inaota jua pa majiwe na kukuchungulia. Chini kidogo, baridi inakugusa ku shingo. Chini tena, miti inakuwa minene, inaota ndevu ya kijani, majiwe inatoa jasho. Chini kabisa iko mabondo, miti sawa michikichi, iko popo mu mapango, iko mayi nyeusi inalala mu visima yenye muto ulichimba. Kinga haiwezi kushuka kule, gunia ya makala haiwezi kupanda, njo maana ile musitu ingali nzima.

Na jua? Jua inaingia mule saa sita, inapita sawa mugeni yenye haatake kukaa, inaenda. Yulu bantu bangali banalima, bangali banafunga macho juu ya mwangaza, na kule chini usiku iliisha kuingia. Nasema usiku, unielewe vizuri. Popo zinatoka. Ule usiku ya muchana njo nitakuambia.

Kila kiangazi, mayi ikipunguka, siye banamuke tunashuka kuloba na buba. Buba ni majani. Unaiponda mu kinu, unaitia mu kisima, samaki inalewa, inakuya yulu na tumbo nyeupe, unaiokota na kitunga. Lakini iko sheria. Mbele tunafunga kisima na majiwe, kusudi sumu isishuke kwa bengine. Kila muntu anatia mukono mu mayi, hata muzee. Yenye hakutia mukono hana fungu. Na ku mwisho, muzee kupita bote anabaki kufungua majiwe, mayi mupya ipite, samaki ndogo zenye zililewa zirudishe roho na kwenda zao. Usipofungua, mwaka yenye inakuya utaloba vyura. Vijana ya leo banatia dawa ya wadudu ya shamba, banaua mupaka kaa, mupaka nyoka ya mayi, kisha banauliza samaki zilienda wapi.

Zamani Mama Kibawa njo alikuwa anafungua majiwe. Magoti yake yalikataa kushuka, basi muzee nikakuwa minyi.

Nilishuka na Bolumbu, bibi ya mutoto yangu Ilunga. Ilunga anafanya kazi Kolwezi, anarudi na train wakati anapata ruhusa. Bolumbu si muntu ya kabila yetu. Baba yake alikuwa askari, alitoka mbali kule Équateur na familia yake, akabaki ku baze, kambi ya baaskari. Yeye alizaliwa ku baze na akakomea mupaka ukubwa pale pale. Kiswahili anatupita siye bote, lakini mambo ya Baluba aliikuta paka mu nyumba yangu.

Mungu alibapa mapasa. Bana-banamuke babili, sura moja. Ya kwanza Kyungu, ya pili Kabange, sawa vile mapasa inaitwa kwetu. Hata ku miguu balifanana: ku muguu ya kushoto, kidole ya pili ilikuwa inapanda yulu ya kidole ya tatu, sawa bantu babili banafinyana ku kitanda kidogo. Tulikuwa tunacheka sana ile vidole.

Kabange alienda wakati balikuwa banaanza kukimbia. Homa, siku kidogo, akaenda.

Sasa, kwetu, mutoto ya mapasa hausemi amekufa. Unasema alienda kutafuta chumvi. Na haumulilie. Ukimulilia, anamuita mwenzake. Na kila kitu unapa yenye alibaki, unatoa mbili: nguo mbili, ndizi mbili, bukari, ule ugali yetu, donge mbili, moja yake, moja ya ule yenye alienda. Njo vile nilikuta kwa mama yangu, njo vile nilimufundisha Bolumbu. Alisikia. Hakulia hata ku kaburi. Kila mangaribi alikuwa anatengeneza fungu ya Kabange mu sahani ndogo, anaiweka pa dirisha. Asubui sahani iko mutupu. Ni panya? Ni mbwa ya jirani? Sikuuliza. Siku moja tu Bolumbu aliniambia, anaosha ile sahani:

"Mama, huyu mutoto chumvi yake iko wapi? Ku bahari?"

Minyi nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi siku ile tulishuka, Kyungu pamoja, juu masomo ilikuwa imefunga. Alikuwa amekomea, meno ya mbele imetoka, anaruka pa majiwe sawa pimbi yenyewe. Buba ilifanya kazi vizuri. Tulitosha mu mayi kambale ya kujaza vitunga. Tuligawa mafungu pale pale pa jiwe ya bapa, sawa siku zote. Mama Umba na Mama Nday balikamata yao, bakaanza kupanda mbele, banalalamika miguu na kusema wanaume ya Kamina bakipewa hii kazi siku moja tu batakufa bote. Tulisikia kicheko yao inaenda yulu, inakuwa ndogo, kisha hapana tena.

Tukabaki batatu, minyi ya kufungua majiwe, Bolumbu ya kunisaidia, na Kyungu. Pa jiwe mafungu ine: yangu, ya Bolumbu, ya Kyungu, na ya Kabange.

Giza ilikuwa inashuka ku ukuta. Kule yulu mbingu ilikuwa kamba moja nyeupe tu. Pimbi zikaanza kulia. Kama haujasikia pimbi inalia, ni sawa mutoto anakabwa ku shingo, ukisikia mara ya kwanza unatupa kitunga na kukimbia. Siye tulizoea. Lakini siku ile zilianza, kisha zikanyamaza zote pamoja, sawa muntu amefunga mulango. Nikainua kichwa.

Mwanamuke alikuwa anakuya upande ya chini, kule mayi inaendaka.

Unielewe. Upande ya chini hakuna njia. Iko maporomoko, iko mabondo, kisha ukuta. Muntu anaingia mule paka na upande ya yulu, pale tulipita siye. Huyu anatoka wapi?

Alikuwa na kitenge muzuri, na mutoto ku mugongo, amefunikwa mupaka kichwa. Akasimama ngambo ya majiwe yetu, pale mufereji inaanza kushuka. Akapiga mikono taratibu, akainama sawa mwanamuke yenye kufundishwa.

"Wafwako, mama."

Nikaitika. Salamu hauikatae. Lakini macho yangu ilikuwa ku mikono yake. Siye bote mikono ilikuwa kijani mupaka ku kiwiko juu ya buba, na vitenge vyetu vinatoa mayi. Yeye alikuwa mukavu. Hata miguu mukavu, hata pindo ya kitenge. Katika ile shimo hata majiwe haikauke, na yeye anasimama pale sawa nguo imetoka pa pasi.

Mbele nilifikiri mambo ya bantu tu. Nikasema mu roho: huyu ametumwa na bale vijana ya dawa ya shamba, anakuya kuangalia kisima yetu. Ao ni muntu ya bale benye banakuyaka na machine kupima ukuta ya Kamwesha na habaseme banatafuta nini. Nikaanza kumuuliza, sawa tunaulizaka mugeni.

"Unatoka wapi, mwana?"

"Kinkondja, mama."

Kinkondja iko ku ziwa Kisale, mbali na hapa, lakini ni muji ya mama yangu. Samaki yao, bwato yao, bantu yao, niko nabo mu kichwa. Nikafikiri, umeangukia mubaya, ukidanganya nitajua. Nikamuuliza: Kinkondja ya kwa nani?

Akaanza kunipa salamu. Tata Monga, mwenye bwato ya rangi nyekundu, anakusalimia. Mama Lenge mufumaji ya mikeka anakusalimia. Kalenga, ule wa kukohoa, anakusalimia. Mujinga bibi ya katekista anakusalimia.

Kila jina niliijua. Niliona moyo yangu inataka kufurahi, unajua vile muntu anafurahi akisikia ya kwao. Kisha baridi ikaniingia, na haikuwa baridi ya mayi. Tata Monga alizama mbele Ilunga azaliwe. Mama Lenge nilimuosha na hii mikono yangu. Kalenga, ile kikohozi njo ilimumaliza. Mujinga, nilibeba musalaba yake. Muntu mwingine angesikia majina tu. Minyi nilisikia makaburi.

Nikamuvuta Kyungu nyuma yangu.

Na yeye, sawa alinisikia, akasema: "Na ndugu yako Numbi anakusalimia sana."

Numbi, mudogo yangu ya tumbo moja! Anakausha samaki kule ku ziwa. Siku ya mungu tu tuliongea ku telefone. Alinilalamikia juu bibi ya mutoto yake aliunguza samaki ya kitunga nzima, na alikuwa anatukana vizuri sana, na nguvu. Numbi iko muzima. Nikashusha pumzi. Nikasema mu roho, muzee weye, unaogopa bure. Muntu yenye anamujua Numbi ni muntu. Bale bengine labda alisikia majina yao kwa wazee, akachanganya. Njo pale kichwa yangu ilitaka kunidanganya.

Akaangalia jiwe ya bapa. "Muko batatu," akasema, "na mafungu ine. Ile ingine ya nani?"

Minyi nilitaka kujibu ya Mama Umba. Bolumbu akanipita.

"Ya mutoto yangu mwingine."

"Iko wapi?"

Bolumbu akasema sawa nilimufundisha. "Alienda kutafuta chumvi."

Ule mwanamuke akacheka polepole. Akapandisha mutoto ku mugongo, vile tunafanyaka mutoto akiteremuka. "Chumvi ilipatikana," akasema. "Nimemuleta."

Na pembeni ya kitenge, upande ya kushoto, muguu ikatoka.

Niamini, mbele ya Mungu na ya rozari yangu. Haikuwa muguu ya mutoto ya mugongo. Ilikuwa kubwa, sawa kabisa muguu ya Kyungu ya leo. Kabange alienda wakati kiatu yake inaenea mu mukono yangu. Huyu alikuwa amekomea, pamoja na mwenzake, muguu kwa muguu. Na kidole ya pili ilikuwa inapanda yulu ya kidole ya tatu.

Sijui nani alinituma, lakini nilinyosha mukono yulu ya majiwe, nikaigusa, na hii kidole. Ilikuwa baridi sawa tumbo ya kambale.

"Hakukosa chakula hata siku moja," mwanamuke akasema, na sasa hakuwa tena ananiangalia minyi, alikuwa anamuangalia Bolumbu. "Mulimulisha vizuri. Lakini amechoka kukaa peke. Munitolee mwenzake, baende bote. Ao basi weye, mama yao, unifwate. Kwangu si mbali, ni hapa chini. Pale nitamufunua sura, utamuona."

Kyungu akatoka nyuma yangu. Alikuwa anacheka, mukono mbele, sawa mutoto anaitwa na rafiki yake kucheza. Nilimukamata ku nguo, akavuta. Nilimukamata ku nywele. Nikamuambia Bolumbu asisogee. Bolumbu aliisha kushika majiwe ya kupanda.

"Bolumbu, rudi."

Alisema bila kugeuka, na sauti ya chini: "Mama, haukuniacha nimulilie. Basi niache nimuone."

Ungejibu nini? Nikatafuta mu kichwa kitu ya kumusimamisha ule mugeni, nikapata paka sheria ya kisima. Nikamuambia: kwetu, mwenye kutaka fungu anatia mukono mu mayi. Weye unataka fungu, na unataka na mutoto ya muntu yulu yake. Tia mukono mbele.

"Nimebeba mutoto."

"Tia muguu basi. Muguu haibebe kitu."

Hakutia. Aliangalia ile mayi ya kijani, akarudisha muguu moja nyuma. Kitu kidogo tu, lakini niliona. Akasema mayi ina sumu. Nikamujibu, sumu ya samaki, siye bote tumeingia tangu asubui na hakuna yenye amelala tumbo yulu.

Nikajua. Lakini minyi kujua haikumusaidia Bolumbu. Alikuwa amevuka, amepiga magoti mbele ya ule mwanamuke, ameshika ile muguu na mikono yake mbili. Aliishika sawa mama yenye anakata mutoto kucha. Kidole yake ilipita polepole yulu ya vile vidole vinafinyana. Mara moja, mara ingine. Akainua macho.

"Uzi iko wapi?" akauliza.

"Uzi gani?"

"Uzi nyekundu. Nilifunga ku hii kidole."

Mwanamuke akasema labda ilikatika mu njia, njia ni ndefu. Na njo pale Bolumbu akasimama. Ile jambo sikukuwa ninaijua, nakuapia, hakuna muntu alikuwa anaijua. Siku tulikuwa tunamuosha Kabange, nilitoka kutafuta mafuta, yeye akabaki peke. Akachomoa uzi ku kitenge yake, akafunga ku ile kidole, fundo yulu ya fundo, halafu akaifunika na soksi.

"Ile uzi haikatike," Bolumbu akasema. "Haikwenda njia. Iko mu sanduku, mu soksi, mu udongo, ku kaburi ya Kamina. Niliifunga mbele ya kumuzika. Minyi nilimuzika mutoto yangu. Weye uko nani?"

Hakuna muntu alikuwa amesema ile neno, kuzika, mu familia yetu tangu siku ile. Nilisikia ku mwili sawa baniangushia jiwe.

Bolumbu akavuka kurudi kwetu, mayi mupaka ku magoti. Akaenda pa jiwe ya bapa, akakamata fungu ya Kabange na mikono mbili, akaimwanga yote mu kitunga ya Kyungu. Akasema, bila kugeuka kumuangalia ule mugeni: "Njo weye ulikuwa unakula."

Sura ya ule mwanamuke haikukasirika. Njo kitu inanitisha mupaka leo. Ilibaki sura ya muntu yenye kungojea, sawa bantu banangojea train. Akaanza kunyosha mukono yulu ya majiwe, kwa Kyungu.

Minyi nilikuwa na kazi yangu, sivyo? Kazi ya muzee. Nikaachilia nywele ya Kyungu, nikashika jiwe kubwa ya katikati, ile inashikilia zingine, nikaivuta na nguvu ya ujana sikujua ingali mu mugongo. Majiwe ikaanguka. Mayi yote ya kisima, na buba yake, na samaki zake ndogo zinalewa, ikatoka mara moja, ikaenda mu mufereji, ikamukuta pale alikuwa anasimama.

Yeye hakulia. Mutoto njo alilia, ule wa ku mugongo. Na sauti haikuwa ya mutoto. Ilikuwa pimbi.

Kisha niliona kitenge inapanda ukuta. Haikushika kitu, haikutafuta pa kuweka muguu, inapanda tu, ukuta ile inasimama wima, mupaka mu giza ya mapango. Popo zikatoka zote. Na pale pale pimbi za shimo nzima zikaanza kulia tena, huku na kule, sawa zinapeana habari.

Bolumbu alimubeba Kyungu ku mugongo, mutoto mukubwa vile, akamufunga na kitenge. Minyi vitunga. Tukapanda.

Na yulu, jua! Unaweza kufikiri? Jua nzuri ya saa kumi, inaunguza. Mwanaume anapita na kinga yake ya makala, anatusalimia, anauliza samaki iko namna gani mwaka huu. Mama Umba na Mama Nday banakaa ku njia banakula muhindi, banatuuliza juu ya nini tumechelewa. Nikasema miguu.

Chini hakuna rezo ya telefone. Tulipofika pale ku kichuguu, pahali bantu banasimamaka kutafuta rezo, telefone yangu ikaanza kulia mu kifua, mara na mara. Ilikuwa mutoto ya Numbi, anaita toka Kinkondja. Alikuwa ananitafuta tangu asubui. Numbi aliamuka muzima, alienda kugeuza samaki pa moto, akakaa chini, akasema kichwa inamuzunguka. Hakuamuka tena.

Basi ule mwanamuke hakuchanganya majina. Hata moja.

Tuliweka matanga kwangu, Kamina. Bantu balikuya, ya parokia, majirani ya katiye, hata bibi ya askari ya baze, juu ya Bolumbu. Na Bolumbu alilia. Ee, alilia mama yangu, usiku na muchana, alijitupa chini, alivuta udongo, mupaka banamuke bakaanza kunong'onezana: angalia huyu mwanamuke ya Équateur vile alimupenda Numbi, na balionana paka ku ndoa. Balimusifu sana. Minyi nilikuwa nakaa pembeni yake pa mukeka, na niliisikia jina gani inapita mu meno yake. Sikumukataza. Nililia na yeye. Nilikuwa nalilia babili.

Haikupita bure. Kisimba, mukubwa ya marehemu bwana yangu, aliita familia. Alisikia sahani ya Kabange haiko tena pa dirisha. Alisema tumevunja desturi ya mapasa, tumemufukuza Kabange ku nyumba, na Kyungu atamufwata mbele ya mwaka kuisha. Aliniuliza mbele ya bote kama minyi niliyekuwa ninajua majina ya bazee bote nilisahau na maneno yao. Nilimuacha aseme. Mwaka iliisha. Ingine ikaisha. Kyungu iko, anasoma, anagombana, anapoteza viatu.

Lakini sidanganye, hatukutoka bure na siye. Hii kidole yenye niligusa nayo ile muguu, haisikie moto. Naweza kugeuza kaa ya makala nayo, nasikia paka harufu ya nyama yangu. Daktari aliidunga na shindano, akaandika dawa. Kamwesha tunaloba, ndiyo, lakini ku kisima ya yulu, na tunatoka wakati jua ingali inagusa mayi. Na kila kiangazi, pa dirisha, pale sahani ilikuwa inakaa, Bolumbu anakuta mavi kidogo kidogo, nyeusi, ya mviringo. Tunaijua ile mavi, tumeikanyaga miaka yote pa majiwe. Ni ya pimbi. Pimbi inafanya nini mu katikati ya Kamina? Bolumbu anafagia, anamwanga mayi ya buba, anafunga dirisha. Haogope tena. Minyi ndiyo.

Kwa hivi, weye yenye unasoma, sikia muzee. Muntu akikuletea salamu ya bantu yako, usifurahie majina. Muulize: ulibaacha banafanya nini? Muntu muzima iko na kazi, anatwanga, anafua, anatukana bibi ya mutoto yake. Ule mwanamuke alinipa majina mingi, na hata mumoja hakusema alimuacha anafanya nini.

Na kama iko mutoto yenye ulizika, umulilie. Umwite jina yake, uende ku kaburi na majembe ufyeke. Lakini usimuwekee sahani. Fungu yenye haina mwenyewe haikose mulaji.